Naomba ushauri: naunga shiti za aluminiamu kwa msuguano, ndani kunabaki kitundu

Wakuu habari zenu, nina karakana ndogo huku Dar na nimekuwa najaribu ile weldingi ya msuguano waliyoibuni TWI, taasisi ya utafiti wa weldingi kule Uingereza, 1991, ambayo aluminiamu haiyeyuki, inalainika tu na kukorogwa na kifaa kinachozunguka. Nimeikubali sana maana hamna gesi wala waya, na shiti nyembamba nikichomea kwa tigi (weldingi ya umeme na gesi) zinanipindia.

Natumia mashine ya milingi (ya kuchonga chuma) ya zamani, shiti ni aluminiamu ya aina ya 6061-T6 za milimita 3, kifaa nimekichonga kwa chuma cha H13 kinachostahimili joto, bega (sehemu pana inayokandamiza juu ya shiti) milimita 12, pini (ncha inayozama ndani) milimita 4 na urefu 2.7, mizunguko 1,000 kwa dakika, meza inatembea milimita 100 kwa dakika, kichwa cha mashine nimekilaza digrii 2.

Sasa juu mshono unapendeza kabisa ila nikikata kwa msumeno naona kitundu kimekwenda na mshono mzima, kipo ule upande ambao pini inazunguka kuelekea mbele. Nimepunguza mwendo hadi 60 kikapungua ila hakijaisha. Nahisi bega halikandamizi vya kutosha kwa sababu kichwa kinanyanyuka kidogo kikipata mzigo, au labda shiti zinaachana katikati, klempu ninazo 4 tu.

Nianze na kipi jamani, nizamishe bega zaidi, nichonge pini yenye meno kama ya skrubu, au niongeze klempu kwanza? Na mliowahi kutumia milingi ya kawaida, mlizuiaje kichwa kisinyanyuke? Ni tenki la mafuta la boti hili, halitakiwi kuvuja hata tone.