Nukta nyeusi kando ya mto

Kikundi: WANA NA WAJUKUU WA BIBI
Jumamosi

Mimi, 18:07
Shikamooni wakubwa. Ile ramani ya zamani niliyoitafuta tangu mwaka jana nimeipata, karatasi yenye kijiji chetu cha kwanza. Imeskaniwa vizuri hadi maandishi ya pembeni yanasomeka. Faili lote ni zito, nawatumia kipande.

Mimi, 18:08
[picha]

Mjomba, 18:15
Marahaba mpwa wangu. Mbona naona mistari ya kahawia tu, imejikunja kama alama za kidole?

Mimi, 18:19
Ndiyo kontua hizo, Mjomba. Kila mstari unaunganisha mahali penye mwinuko mmoja kutoka usawa wa bahari. Kwenye karatasi hii, kutoka mstari mmoja hadi unaofuata ni mita 20. Ikibanana ujue hapo ni mteremko mkali, ikiachana ni tambarare. Bluu ni maji. Nyeusi ni vitu vya watu: njia, nyumba, shule.
Sasa tazama nilipozungushia duara. Kuna nukta nyeusi iko peke yake kando ya mto, karibu na vijito viwili vinapokutana. Nadhani ndiyo nyumba ya Babu.

Mjomba, 18:22
Hapana. Nyumba yetu ilikuwa juu kabisa, mgongoni mwa kilima. Nimezaliwa pale na nimekulia pale. Mtoni tulikuwa tunashuka kuteka maji tu, hapakuwa na mtu aliyekaa huko.

Mimi, 18:24
Lakini huko juu ramani haionyeshi nyumba hata moja.

Mjomba, 18:25
Basi ramani imekosea. Waliochora hawakutuuliza sisi.

Dada Mkubwa, 18:31
Shikamoo Mjomba. Mdogo wangu, ramani hiyo ni ya lini hasa? Kabla hatujabishana.

Mimi, 18:38
Swali zuri, na jibu lake si tarehe moja. Pembeni chini wameandika mwaka ambao ndege ilipiga picha za anga, mwaka ambao wapimaji walipita kwa miguu kuhakiki majina na njia, halafu mwaka wa kuchapwa. Kati ya picha na kuchapwa ni miaka minne. Kwa hiyo nyumba tunazoziona ni za siku ile ndege ilipopita, hata kama karatasi ilitoka baadaye.
Mjomba, ndege ilipita miaka miwili kabla hujazaliwa.

Mama Mdogo, 18:44
Niko na Mama hapa, bibi yenu. Ngoja nimwonyeshe, nitaandika anavyosema.

Binamu, 18:45
Shangazi mkuzie picha, macho ya Bibi hayataweza na hizo nukta 🙏

Mama Mdogo, 18:58
Amenyamaza kwanza. Halafu ameweka kidole kwenye vijito viwili, akauliza, "Hapa ndipo maji mawili yanapokutana?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hii ni nyumba yangu ya kwanza. Tulikaa pale kabla mto haujatufukuza."

Mjomba, 18:59
Mama hajawahi kutuambia hilo.

Mama Mdogo, 19:03
Anasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Mvua zilipiga usiku, maji yakaingia ndani, wakapanda kilimani gizani. Hawakurudi tena. Nyumba unayoijua wewe kaka yangu ndiyo ya pili.

Mama, 19:05
Mimi nilikuwa mgongoni kwake. Sikumbuki chochote, ila jina la ule mto likitajwa alikuwa anabadilika uso. Leo nimejua kwa nini.

Mjomba, 19:09
Mpwa wangu, nisamehe. Endelea.

Mimi, 19:16
Hapana Mjomba, wewe ndiye uliyenifanya nitafute chapa ya pili. Ninayo pia, picha zake ni za miaka kumi na tatu baadaye. Hii hapa.
[picha]
Nukta ya mtoni haipo tena. Na kule mgongoni mwa kilima, nukta mbili zimekaa pamoja.

Mjomba, 19:17
Nyumba kubwa na jiko. Zilikuwa mbili kweli.

Binamu, 19:20
Hii njia ya vidoti kutoka mtoni hadi juu, ni ya magari au ya miguu?

Mimi, 19:27
Ya miguu, nimehakikisha kwenye ufunguo wa alama za ramani. Nimeipima kwa uzi: unaulaza uzi juu ya njia ukifuata kila kona, kisha unaunyoosha kwenye rula. Nimepata sentimita 3.6. Karatasi ni ya 1:50,000, sentimita moja ni mita 500, kwa hiyo ni kilomita 1.8. Nikahesabu kontua njiani: nafasi saba za mita 20, yaani mita 140 za kupanda. Na njia halisi lazima ilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu ramani haionyeshi kila kijikona.
Kilomita karibu mbili, maji kichwani, unapanda mita 140. Kila siku.

Dada Mkubwa, 19:29
Mara ngapi kwa siku?

Mama Mdogo, 19:33
Anasema mara mbili, wageni wakiwepo mara tatu. Na anasema hamjauliza walipumzika wapi. Kulikuwa na mahali pa kutua mitungi, wanawake wote walitua hapo hapo.

Mimi, 19:36
Mama Mdogo, usimwambie lolote, muulize tu: ilikuwa kabla ya nusu ya njia au baada?

Mama Mdogo, 19:39
"Baada. Ukishamaliza kupanda kule kugumu, nchi inalala kidogo, unashusha pumzi."

Mimi, 19:42
Kati ya kontua ya nne na ya tano mistari inaachana, nafasi yake ni karibu mara tatu ya zile za chini. Halafu inabanana tena. Nchi inalala pale pale aliposema. Nimeweka alama ya kijani.
[picha]

Mama, 19:44
Mungu wangu.

Mjomba, 19:50
Mimi nimesoma jina la kilima. Wameandika jina la mtu! Huyo alikuwa mzee mmoja aliyekaa kule juu. Kilima kina jina lake lingine kabisa.

Mimi, 19:54
Hilo niandikie Mjomba, kwa tahajia unayoijua wewe, na maana yake kama ipo. Mpimaji alimuuliza mtu "hapa panaitwaje?" akajibiwa "kwa fulani", naye akaandika alivyosikia. Usipoliandika wewe, hili la karatasini ndilo litakalobaki.

Dada Mkubwa, 20:02
Shemeji yenu anasoma hapa pembeni yangu, anauliza ramani za upande wao atazipata wapi.

Mimi, 20:11
Aanzie idara ya upimaji na ramani ya nchi husika, na maktaba za vyuo vikuu vyenye idara ya jiografia. Nchi zilizotawaliwa na Uingereza, nyingi zilichorwa na Directorate of Colonial Surveys, iliyoanzishwa 1946 na kubadilishwa jina 1957 kuwa Directorate of Overseas Surveys, hivyo atafute pia kwa majina hayo. Kwa Marekani ni rahisi kuliko kote: USGS, shirika lao la serikali la jiolojia na ramani, imeweka ramani zake tangu miaka ya 1880 kwenye tovuti ya topoView, kupakua ni bure. Kwa Uingereza, Maktaba ya Taifa ya Scotland inakuwekea ramani ya kale juu ya picha ya setilaiti ya leo, unafifisha moja kuona nyingine.
Ila ramani za namna hii haziandiki mwenye shamba ni nani. Asije akaipeleka kwenye kesi ya mpaka. Inaonyesha nyumba ilikuwepo, basi.

Binamu, 20:15
Dada, wiki ijayo kazi inanipeleka upande ule. Nitumie namba za ile nukta ya mtoni niziingize kwenye simu.

Mimi, 20:22
Usizichukue kavu kutoka kwenye karatasi. Ramani za zamani zilijengwa juu ya vipimo vya msingi tofauti na WGS 84, mfumo wa kutaja mahali unaotumiwa na GPS ya simu. Zile za Arc 1960 kwa mfano, mfumo wa zamani wa huku Afrika Mashariki, usipobadilisha namba unasimama mita 300 hivi pembeni. Nitazibadilisha mimi. Hata hivyo tegemea ardhi zaidi ya simu: tafuta vijito vinapokutana, uende upande wa juu wa mto.

Binamu, 20:24
Upande wa juu si kusini?

Mimi, 20:26
Kaskazini. Tazama kontua zinapovuka mto, zinafanya umbo la V, na ncha ya V siku zote inaelekea maji yanakotoka.

Mama Mdogo, 20:34
Mama amesikia kuwa unakwenda. Anasema kuna jiwe lake la kusagia. Aliachiwa na mama yake. Usiku ule wa maji walibeba watoto, jiwe lilikuwa zito wakaliacha nyuma ya nyumba. Anataka kujua kama mto umelichukua.

Binamu, 20:35
Bibi 😢

Mimi, 20:58
Nimelinganisha chapa zote mbili na picha ya setilaiti ya mwaka huu. Mto umehama kweli, kona yake imesogea kuelekea nyumba. Lakini kati ya nukta na ukingo wa leo bado kuna milimita 3 kwenye ramani, mita 150. Nukta yenyewe imechorwa kubwa kuliko nyumba, ina nusu milimita, ambayo ni mita 25 ardhini, na huenda mchoraji aliisogeza kidogo isigusane na mto. Nikiondoa makosa yote hayo, naona mto haujafika. Mchanga unaweza kuwa umelifunika, hilo ramani haitaniambia.

Mama Mdogo, 21:06
Nimemsomea neno kwa neno. Anasema Binamu asichimbe, atazame tu. Mlango wa nyumba ulitazama kile kilima, na jiwe lilikuwa nyuma, upande wa jua linapozama. Akifika asimame kana kwamba anatoka ndani, apige picha akiwa amekitazama kilima.

Binamu, 21:07
Sawa Bibi. Nitatoka mlangoni.