Mkaguzi wa hataza amekataa utando wa kinga juu ya kikombe cha hedhi cha silikoni: nijibuje?

Mleta mada

Habari za kazi, wanajukwaa. Miaka miwili iliyopita niliwasilisha ombi la hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) hapa Kenya kwa ajili ya kikombe cha hedhi cha silikoni kilichopakwa utando mwembamba wa kinga. Kilichonisukuma ni kero inayojulikana na watumiaji wengi: silikoni laini hunata, ikitolewa kwenye mfuko wake wa kitambaa hutoka na nyuzi, na baada ya miezi kadhaa hushika rangi ya kahawia ambayo hata kuchemsha kwenye sufuria hakuiondoi. Utando wangu ni wa silikoni iliyo ngumu kidogo kuliko ile ya mwili wa kikombe, una unene wa mikromita 8, nao hupakwa mara tu uso unapokwisha kuamshwa kwa plazima ya oksijeni, yaani gesi iliyochajiwa umeme ambayo huufanya uso ushike utando.

Wiki iliyopita nilipokea ripoti ya mkaguzi. Anakubali kwamba uvumbuzi ni mpya, ila anasema hauna hatua ya uvumbuzi, kwa sababu hati ya kwanza aliyoipata inaonyesha kikombe cha silikoni kisicho na utando, na hati ya pili inaonyesha mpira wa mkojo (katheta, mrija wa kutolea mkojo kibofuni) wa silikoni uliopakwa parilini, aina ya plastiki nyembamba ya kufunika, ili usinate. Hivyo mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani angeziunganisha hizo mbili bila kuumiza kichwa. Dai langu la kwanza, yaani sentensi inayoweka mipaka ya ulinzi ninaouomba, linasomeka hivi: "Kikombe cha hedhi cha silikoni chenye utando wa kinga wenye unene wa mikromita 1 hadi 50." Isitoshe, nilikionyesha kikombe hicho kwenye maonyesho ya vikundi vya akina mama miezi minne kabla ya kuwasilisha ombi, na sijui kama nimejiharibia.

Wakala

Ndugu mleta mada, nianze na la maonyesho kwa kuwa ndilo jepesi. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 humsamehe mwombaji aliyeutoa hadharani uvumbuzi wake mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi, kwa hiyo Kenya umesalimika. Ulaya hali ni nyingine: msamaha wao ni wa miezi sita tu, tena ni kwa mtu aliyefanyiwa hila au aliyeonyesha kitu chake kwenye maonyesho rasmi ya kimataifa yanayotambuliwa kwa mkataba. Maonyesho ya akina mama hayamo humo.

Tukija kwenye ripoti, naona mkaguzi amelisoma dai lako kama lilivyoandikwa, na lilivyoandikwa linafunika parilini, linafunika utomvu wa mpira uliokaushwa, linafunika karibu kila kitu kinachoweza kupakwa juu ya silikoni. Umeeleza utando mmoja wa mikromita 8 halafu ukadai ulimwengu mzima. Plazima haimo kwenye dai, wala ile silikoni ngumu zaidi haimo, na mkaguzi hana wajibu wa kukuhurumia kwa mambo uliyoyaandika kwenye maelezo ya ombi pekee. Yaingize kwanza kwenye dai, mradi yawe yalikuwamo katika ombi la awali, maana huruhusiwi kuongeza lolote ambalo halikuwamo siku ya kuwasilisha.

Ukishalibana dai, jibu hoja ya kuunganisha hati mbili. Swali si kama fundi mwenye ujuzi *angeweza* kupaka parilini juu ya kikombe. Angeweza, hakuna ubishi. Swali ni kama *angefanya* hivyo akitarajia kufanikiwa.

Mkemia wa plastiki

Hapo ndipo ningependa kuchangia, kwa sababu hati ya pili haifanani na uvumbuzi wako kama mkaguzi anavyodhani. Parilini haipakwi kwa brashi. Unga wake hugeuzwa mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa, mvuke huo ukavunjwa kwenye joto la karibu nyuzi 680 za selsiasi, kisha ukatua juu ya kifaa kilicho kwenye joto la kawaida la chumba. Utando unaopatikana ni mwembamba na hauna matundu, lakini haunyumbuki kama silikoni laini iliyo chini yake.

Mpira wa mkojo hupinda taratibu tu, wakati kikombe cha hedhi hukunjwa katikati, hukunjwa tena mpaka kiwe kama herufi C, kisha huachiwa kijifungue chenyewe kwa nguvu, mwezi baada ya mwezi. Niliwahi kukunja kipande cha silikoni laini chenye utando mgumu na kukitazama kwa hadubini: penye mkunjo palikuwa na nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Fundi anayelijua hilo hatakimbilia hati ya pili, na akiikimbilia atapata kikombe kinachobanduka ndani ya mwili wa mtu.

Jihadhari na jambo moja, hata hivyo. Uso wa silikoni ulioamshwa kwa plazima husahau upesi, kwa kuwa minyororo mifupi ya molekuli iliyomo ndani hupanda juu na kuurudisha katika hali yake ya kukataa maji, pengine baada ya saa chache tu. Ikiwa ulipaka utando papo hapo, sema hivyo.

Msomaji wa sheria

Nyongeza fupi. Usishawishike kuongeza dai la njia ya kutumia kikombe nyumbani. Bodi ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, katika shauri T 74/93, ilikataa dai la njia ya kuzuia mimba kwa hoja kwamba jambo analojifanyia mwanamke faraghani halina matumizi ya viwandani, ambayo ni sharti la kupata hataza. Kifaa chenyewe hakina tatizo hilo: hataza ya kikombe cha hedhi ilitolewa Marekani tangu mwaka 1937, kwa Leona Chalmers.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Nimeyarudia maelezo yangu na kukuta sentensi moja, aya ya kumi na mbili: "Utando hupakwa mara baada ya plazima, nao hauonyeshi nyufa kikombe kinapokunjwa kwa ajili ya kuingizwa." Sikuweka kipimo chochote. Jaribio pekee nililoandika ni la kuloweka vipande kwenye maji yenye bizari ya manjano usiku kucha. Je, ninaweza kupeleka majaribio mapya ya kukunja?

Wakala

Sentensi hiyo ndiyo mtaji wako. Huwezi kuyaingiza majaribio mapya ndani ya maelezo, lakini unaweza kuyawasilisha kama ushahidi pamoja na barua ya majibu. Hata Ulaya, uamuzi G 2/21 wa Bodi Kuu ya Rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, wa Machi 2023, unasema ushahidi wa baadaye hautupwi kwa sababu tu umechelewa, ilimradi faida unayoidai inatokana na yale uliyofundisha tangu mwanzo. Loweko la manjano linahusu rangi, na mkaguzi hakuuliza rangi.

Andaa makundi matatu ya vikombe vya silikoni ileile: visivyo na utando, vyenye parilini, na vyenye utando wako, hayo mawili ya mwisho yakiwa na unene uleule wa utando. Vikunjwe kwa namna ileile, idadi ileile, kisha vipigwe picha penye mkunjo.

Mkemia wa plastiki

Na uvichemshe kati ya mikunjo, maana ndivyo mtumiaji anavyofanya. Utando uliovumilia mikunjo mikavu pekee unaweza kubanduka mara ya kwanza unapoingia kwenye sufuria.