Tupeane uzoefu: ukiambiwa "utakuwa unakuja kliniki" unaelewaje?

Wakuu habari za jioni. Mzee wangu kagundulika na presha, dokta kamwambia utakuwa unakuja kliniki kila mwezi. Tumefika home mzee kanuna, kula hali, baadae anamwambia maza "mimi na uzee huu nikapange foleni na wajawazito?" Yani kwake kliniki ni ile ya mimba na kupeleka watoto mizani, basi. Tumemuelewesha wee, kaenda mara ya kwanza kakuta wazee wenzie kibao wanabishana Simba na Yanga, sasa hivi yeye ndo anatuamsha. Shida iliyobaki, presha ikisoma vizuri anataka kuacha dawa, anasema ashapona. Wenye wagonjwa wa kurudi rudi hospitali mnafanyaje?

mama_wawili: Mwanangu alizaliwa na mguu kifundo, yani nyayo zimepinda kwa ndani. Kila wiki piopii (plasta ngumu ya kunyoosha) mpya, wakaja kumkata kamshipa ka nyuma ya kisigino, miguu ikanyooka, akapewa viatu vyenye chuma katikati. Sasa hapo ndo watu wanapotea, maana mtoto unamuona mzima na kumbe hivyo viatu miezi mitatu ya mwanzo anavaa masaa 23 kwa siku, halafu usiku tu mpaka afike miaka minne mitano huko. Kuna mama tulikuwa tunakaa nae benchi moja, mama mkwe kamwambia mnamtesa mtoto, akaacha. Mguu ukapinda tena, piopii upya, mtoto anajua kukimbia anafungwa plasta, inauma jamani.

nakuru_wetu: Huku kwetu Kenya kadi huandikwa TCA, yaani "to come again", siku ya kurudi, shosho (nyanya yangu) hata hajui hizo herufi ni za nini lakini atakuuliza "TCA yangu ni lini?" Ako na sukari. Alikuwa na ujanja wake, siku ya kliniki ikikaribia anajinyima chai ya sukari na chapo, asubuhi anadungwa kidole, sukari iko sawa, sista anampongeza, akirudi home ni sherehe. Siku moja wakampima ile ya kuonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita, weeh! Siri yote nje. Alinyamaza njia nzima kwa matatu.

sista_du: Mie nipo upande wa pili wa meza, kitengo cha TB. Asiyerudi tunamwita mtoro, kama shuleni vile. Dozi ni miezi sita, miwili ya kwanza dawa nne, minne inayobaki dawa mbili, na kikohozi kinakata mapema sana, mtu kanenepa karudi kijiweni atakumbuka saa ngapi kumeza vidonge? Tunakuja kumpata ana kifua kikuu sugu, na hicho matibabu yake ni magumu kuliko ya mwanzo. Ndo maana nikimuandikisha mtu nachukua namba mbili, yake na ya mtu anayemuogopa. Mleta mada, mzee mwambie presha imeshuka kwa sababu anameza, akiacha inapanda tena, na akitulia muulizeni dokta kama anaweza kupewa za miezi miwili mitatu asichoke na nauli. Halafu siku ya kliniki ameze dawa asubuhi kama kawaida, wengi wanaruka siku hiyo eti wapimwe vizuri, presha inasoma juu dokta anaongeza dozi bure.