Tui ml 450 ni vikombe vingapi? Nataka kupika mkate wa kumimina

BintiChake: Asalam aleikum jamani. Wifi yangu yuko Uingereza kanitumia risipi ya mkate wa kumimina, kila kitu kwa ml, tui ml 450 maziwa ml 150. Mie jagi la vipimo sina, vikombe vya chai tu na kila kimoja na ukubwa wake, na wageni wanakuja Ijumaa. Naombeni msaada, maana unga ukiwa mwepesi sana mkate hauji.

Mpishi_Ngambo: Waaleikum salam. Gawa kwa 250 basi. Tui kikombe kimoja na robo tatu na vijiko viwili na nusu vya chai juu yake, maziwa nusu kikombe na vijiko viwili vya kulia kasorobo.

kahawa_chungu: Hiyo kama una kikombe cha 250! Cha Marekani kama 240, cha Japani 200, na hivi vyetu vya chai nani kavipima? Mtu anakwambia "kikombe" tu kama vyote vimezaliwa tumbo moja.

MamaHiliki: BintiChake mwanangu usiumize kichwa, chukua chupa ya maji ya nusu lita, iwe haijafunguliwa, maana ukiijaza mwenyewe mpaka mdomoni inapita 500. Mimina kwenye kikombe chako uhesabu. Na kikombe ujaze pale pale kila mara, usije huku ukaishia kwenye ua la pembeni kule ukafurika.

BintiChake: Nimefanya sasa hivi, chupa imetoa vikombe viwili na nusu kamili

MamaHiliki: Basi chako ni 200. Tui vikombe viwili na robo, maziwa robo tatu. Lakini tui usilitie lote, bakisha kidogo mpaka uone blenda inavyozunguka, mchele uliolala kwenye maji usiku kucha ushakunywa maji yake.

BintiChake: Ahsante mama. Na sukari gramu 200 ndo kikombe kimoja si ndo hivo?

kahawa_chungu: Hapana, gramu na ml ni sawa kwenye maji tu. Sukari gramu 200 inajaza kikombe cha 240, kwa hicho chako ni kimoja na kama robo hivi. Unga wa ngano ndo mwepesi zaidi, kikombe cha 240 hakifiki hata gramu 130.

Mpishi_Ngambo: Hamira pima kwa kijiko, cha chai ml 5 cha kulia 15. Ila risipi ya Australia kijiko chao kikubwa ni 20, hapo ongeza cha chai kimoja.