Padi ya pili haisomi kwenye Super Nintendo, nifungue padi au mashine?

Mpasuambao: Wakuu, habari za jioni. Nina Super Nintendo, ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV, na padi mbili za kuchezea. Ya kwanza inapiga kazi, ya pili nikibonyeza Start kimya. Dogo kakaa na padi mkononi ananitazama tu. Nifungue padi au tatizo ni mashine? Sitaki kuharibu. Nawasilisha.

Fundi Chogo: Padi. Skrubu 5 nyuma. Toa raba, futa vile vidoto vyeusi pamoja na ubao wa saketi kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 90 kwenda juu, acha pakauke. Usikwangue na kisu: ule weusi ndio unaopitisha umeme, ukiutoa kitufe kimekwisha. Waya nao hukatikia ndani pale unapoingilia kwenye padi.

Kibao Kata: TV gani kwanza? Kwenye flati washa hali ya gemu, la sivyo unabonyeza sasa ngumi inatoka baadaye. TV ya chogo haina shida hiyo, ila kama mashine ni ya Marekani na chogo haikubali NTSC, yaani mfumo wa picha wa TV za kule, picha itakuja bila rangi.

Mama Wawili: Shule zinafunguliwa, mtu anauliza Start. Dogo ana madaftari?

Joystiki: Tulieni. Mpasuambao, padi ya pili ukiichomeka tundu la kwanza inasoma? Na umeweka kaseti gani?

Mpasuambao: Tundu la kwanza inasoma vizuri. Kaseti si muhimu mkuu, ni Final Fight, gemu ya ngumi.

Joystiki: Si muhimu! Rudisha skrubu zako. Final Fight ya Super Nintendo ni ya mtu mmoja. Ile ya mashine za kumbini, zile za kutumbukiza sarafu, 1989, ilikuwa ya watu wawili, unachagua mpiganaji: Cody, Haggar au Guy. Capcom, watengenezaji wake, walipoihamishia Super Nintendo, 1990 Japani na 1991 Marekani, walimtoa mchezaji wa pili, wakamtoa Guy, wakaondoa hatua nzima ya kiwandani na bosi wake Rolento, yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua. Baadaye ikaja Final Fight Guy: Guy karudi, Cody katolewa, na bado ni ya mtu mmoja.

Mpasuambao: Hapana mkuu. Dukani tulicheza wawili, mimi Guy, muuzaji Haggar, tukamtoa Rolento na mabomu yake. Ndiyo maana nikatoa kianzio nusu.

Kibao Kata: Chai hii! Rolento hayumo kwenye kaseti hiyo. Mods, uzi upelekwe jukwaa la hadithi.

Mama Wawili: Nilijua. Hata dogo hayupo.

Mpasuambao: Dogo yupo, ana miaka tisa. Sijatunga chochote.

Fundi Chogo: Huenda hajatunga. Mashine uliyochezea dukani ndiyo uliyobeba?

Mpasuambao: Hapana... ile ilikuwa ya maonyesho. Kisanduku kidogo, kina memori kadi ubavuni. Alisema gemu ni ileile.

Joystiki: Basi ulicheza ile ya kumbini kwenye emuleta, programu inayoiga mashine nyingine. Jina moja, vitu viwili. Mrudishie, dai kianzio.

Mpasuambao: Mashine yenyewe ni safi lakini, haina mkwaruzo, na salio ni mwisho wa mwezi. Sioni sababu ya kugombana na mtu.

Kibao Kata: Ameshaamua huyu, anatafuta wa kumpigia makofi.

Joystiki: Kama unabaki nayo, badilisha kaseti. Final Fight 2 ya 1993 na ya 3 ya 1995 ni za watu wawili, kwenye mashine hiyohiyo. Mkitaka ya kwanza kamili, Sega CD, mashine ya wapinzani wa Nintendo, walipata yao 1993 yenye Guy na wachezaji wawili, au ule mkusanyiko wa Capcom Beat 'Em Up Bundle wa 2018 kwenye PS4, Xbox One na Switch. Kaseti uliyonayo mwachie dogo na Haggar: amkamate adui, aruke, abonyeze ngumi akiwa hewani. Adui anashuka kichwa chini.

Fundi Chogo: Adapta yake imeandikwaje? Ya Marekani ni ya volti 120. Bila transfoma ya kushusha umeme, kwenye 230 inaungua.

Mpasuambao: Ngoja nikaangalie. Kuna kaharufu tangu jana.

Fundi Chogo: CHOMOA.