PS6, Xbox mpya au Steam Machine: kibanda cha gemu kingoje au kinunue PS5 sasa?

Kibanda_Umoja

Wadau, swali langu ni la pesa, si la ushabiki. Kibanda kina skrini 4 za inchi 43 na PS4 Slim 4. Wateja ni wa mpira: FC (gemu ya mpira ya kampuni ya EA, zamani ikiitwa FIFA) mchana kutwa, gemu za kupigana kidogo jioni. Nataka kubadilisha mashine, mbili kwanza, mbili baadaye.

Sasa kila nikifungua simu ni PS6 hivi, Xbox mpya vile, Steam Machine imekuja kumaliza kazi. Nikinunua PS5 leo halafu PS6 itoke, si nitakuwa nimeliwa? Au nijikaze na PS4 hadi vumbi litulie? Na kati ya hizo zijazo, ipi inafaa kazi ya kibanda, si ya sebuleni? Naomba majibu yenye namba. Habari ya "nunua kompyuta" nimeshaisikia, asanteni.

---

Teraflopu254

Tutenganishe kwanza kilichotangazwa na kinachovuma.

Sony: Oktoba 2025 Mark Cerny, mbunifu mkuu wa PS5, alitoa video pamoja na Jack Huynh wa AMD, kampuni ya chipu, wakieleza teknolojia tatu. Neural Arrays inaunganisha vitengo vya GPU (chipu ya picha) vifanye hesabu za akili bandia kama kundi moja. Radiance Cores ni sakiti ya pekee ya kufuatilia miale ya mwanga. Universal Compression inabana data inayopita kati ya GPU na kumbukumbu ili njia isijae. Cerny mwenyewe alieleza kwamba vitu hivyo bado vilikuwa kwenye uigaji wa kompyuta, na kwamba mashine itakayovitumia iko miaka michache mbele. Mtu akikutajia teraflopu (kipimo cha nguvu) za PS6, muulize alipimia wapi.

Microsoft: Juni 2025 walitangaza ushirikiano wa miaka kadhaa na AMD kwa ajili ya Xbox ijayo. Ahadi mbili ndizo za maana kwako: gemu za Xbox ulizo nazo zitaendelea kuchezeka, na mashine haitafungiwa duka moja.

Valve: Steam Machine ilitangazwa tarehe 12 Novemba 2025. Prosesa ya AMD Zen 4 yenye kori 6, GPU ya RDNA 3 yenye vitengo 28, RAM ya GB 16 na nyingine GB 8 za GPU peke yake, SSD ya GB 512 au TB 2. Kaboksi kadogo ka sentimita 16 hivi kila upande. Kwa mtu wa nyumbani ni mashine nzuri. Kwa kibanda ni bure, na sababu ni moja: inatumia SteamOS, ambayo ni mfumo wa Linux badala ya Windows, na kinga ya EA dhidi ya udanganyifu haikubali Linux. Yaani FC haifunguki. Unaweza kuondoa SteamOS uweke Windows, lakini hapo umerudi kwenye ile kompyuta ambayo hutaki kusikia habari yake. Mahali pa kuweka CD pia haina.

Kuhusu kuliwa: angalia historia ya mpira wenyewe. PS3 ilitoka 2006, na gemu ya mwisho ya FIFA kwenye PS3 ilikuwa FIFA 19, Septemba 2018. PS4 ilitoka 2013, na FC 26 ya Septemba 2025 bado ina toleo la PS4. Miaka 12 na 12. PS2 ndiyo kabisa: ilitoka 2000 ikapata FIFA 14 mwaka 2013. EA hawaachi mashine yenye wachezaji wengi. PS5 ni ya Novemba 2020. Fanya hesabu mwenyewe. Hata GTA VI, ambayo watu wanaisubiri kama mvua ya Aprili, imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S, tarehe 19 Novemba 2026.

Na usitarajie bei ishuke kwa sababu mashine imezeeka. Zamani ilikuwa hivyo. Mwaka 2025 mambo yaligeuka: Marekani, PS5 ya CD ilipanda Agosti kutoka dola 499.99 hadi 549.99, na Series X ikapandishwa mara mbili, Mei na Oktoba, hadi 649.99. Kungoja kulikuwa na faida enzi za PS4.

---

Mlalahoi_wa_Xbox

Naona kila mtu anakimbilia PS5 bila kutaja stima. Wacha niweke hesabu mezani.

PS5 ikicheza gemu nzito inakula wati 200 hivi. Series S inacheza kwenye 75 tu. TV ya inchi 43, weka 80. Saa 12 kwa siku:

PS5 na TV: wati 280 × 12 = yuniti 3.36.
Series S na TV: wati 155 × 12 = yuniti 1.86.

Chukua shilingi 30 kwa yuniti. Tofauti ni shilingi 45 kwa skrini moja kwa siku. Skrini 4, siku 30: 5,400. Hiyo ni kodi ya mtu mahali fulani. Na juu ya hapo, pedi za Xbox One zinakubali gemu zote za Series S. Pedi ya PS4 kwenye PS5 haikubali gemu ya PS5, inakubali za PS4 peke yake. Ukihamia PS5 unahitaji pedi 8 za PS5: 4 zinakuja na mashine, 4 unanunua.

Shida ya kupakua gemu kubwa inatatulika. Gemu ya GB 100 kwenye laini ya Mbps 10 ni saa 22 ikienda bila kukatika. Pakua kwenye Series S moja, kisha kwenye mipangilio ruhusu kuhamisha gemu kwa mtandao wa ndani, zile nyingine zinavuta kutoka kwake kupitia ruta yako. Hakuna bando linaloliwa mara 4. Chomeka waya wa LAN, usitumie Wi-Fi.

---

Fundi_Pedi

Mlalahoi, hesabu ya stima ni sawa, ila umeficha ya CD. Series S haina CD. FC mpya inatoka kila Septemba, kwa hiyo kila Septemba kibanda kinanunua kopi za dijitali zisizouzika tena. Mwenye CD anazipeleka mjini, anaongeza kidogo, anarudi na mpya. Pia SSD yake ya GB 512 inabaki GB 364 tu za kutumia.

Halafu akaunti. Kenya haiko kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, ndiyo maana watu hufungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Chagua moja na ubaki nayo, kwa sababu nchi ya akaunti ya PSN haibadilishwi. Kadi ya zawadi ya dola haiingii akaunti ya Uingereza. Mpira wa watu wawili kwenye skrini moja hauhitaji PS Plus (huduma ya kulipia ya kucheza mtandaoni), kwa hiyo usilipie.

Kwenye pedi pia kuna njia ya mkato. Weka toleo la PS4 la FC ndani ya PS5, na pedi zako za PS4 zitafanya kazi kama kawaida. Utakosa mwendo mzuri wa wachezaji wa toleo la PS5, lakini inakupa nafasi ya kununua pedi mpya mojamoja badala ya zote kwa mpigo.

Zile za PS5, jua kinachoziua. Ndani ya analogi, ile ya kidole gumba, kuna kijiti kinachosugua utepe wa kaboni. Mtu akiisukuma siku nzima, utepe unalika, na mchezaji anaanza kutembea bila kuguswa. Kupuliza au kumwagia spiriti kunasaidia wiki moja. Dawa ni kubadilisha moduli nzima: ina nukta 14 za kuchomelea, na ubao una tabaka kadhaa zinazonyonya joto, ndiyo maana mtu akitumia chuma chenye nguvu kidogo anang'oa njia za shaba. Omba uwekewe moduli za sumaku, za Hall au TMR, hizo hazisuguani. Na usiondoke kwa fundi kabla hajaikalibrisha upya kwenye kompyuta. Moduli mpya bila kalibresheni haikai katikati, utadhani umeuziwa mbovu.

---

Kibanda_Umoja

Asanteni, Steam Machine nimeiweka kando. Naegemea PS5 za CD. Ila stima ya huku haipigi hodi, inaweza kukatika mara 3 mchana mmoja na kurudi kwa kishindo. PS4 zimevumilia. PS5 itavumilia? Na UPS (betri ya kushikilia stima ikikatika) ya saizi gani?

---

Fundi_Pedi

Itavumilia ukifanya mambo haya. Usiiweke kwenye hali ya kupumzika kati ya wateja. Ama inacheza, ama imezimwa kabisa. Stima ikikatika wakati SSD inaandika, ukiiwasha itakagua hifadhi yenyewe, iache imalize. Ikianza kukwama kwenye menyu: izime, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde 7 hivi. Unganisha pedi kwa waya, si kwa Bluetooth, kisha chagua kusafisha kashe na kujenga upya hifadhidata. Gemu hazifutiki. Kile chaguo cha kurudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani usikiguse.

UPS: ya 650VA inabeba takriban wati 360, kwa hiyo ni PS5 moja na TV moja, basi. Betri yake ni ya volti 12, Ah 7, yaani Wh 84. Kwa karatasi ungepata dakika 18. Kwa kweli betri ya risasi ikivutwa kwa nguvu hiyo inatoa dakika 5 hadi 8. Zinatosha kumaliza mechi ya dakika 4 kila kipindi ikiwa stima imekatika kipindi cha pili, na usizime vibaya. Kwa skrini 4 usinunue UPS 4 ndogo, angalia inveta yenye betri kubwa na wimbi safi.

Kishindo cha stima kurudi ndicho hatari zaidi, si kukatika. Weka kile kifaa cha kulinda TV kinachongoja kidogo kabla ya kuruhusu umeme, kimoja kwa kila skrini. Extension ya mia tatu yenye taa nyekundu hailindi chochote.

---

Teraflopu254

Nakubali kwamba Mlalahoi ameshinda upande wa stima. Kama wateja wa kibanda wangekuwa wa gemu tofautitofauti, ningesema Series S mbili na PS5 mbili. Kwa mpira mtupu, CD na pedi zinairudisha PS5 mbele.

PS5 Pro mwachie mwenye TV ya 4K. Haina CD, kisomaji chake cha CD unanunua kando, na kwenye skrini yako ya inchi 43 mteja wa Umoja haoni tofauti.

---

Fundi_Pedi

Moja la mwisho, kwa sababu najua Kibanda atapitia Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi, kutafuta mtumba. Zile PS5 nene, namba zinazoanza na CFI-10, 11 na 12, ubao wa kisomaji cha CD umefungwa ndoa na ubao mama. Kisomaji kilichotolewa mashine nyingine kinazungusha CD vizuri lakini hakisomi. Kwenye Slim, CFI-20, kisomaji kinachomoka, ila lazima kiunganishwe kwa intaneti mara ya kwanza. Kwa hiyo nenda na CD yako ya mpira mkononi, usikubali kuonyeshwa menyu tu.

Ingia PSN kwa akaunti yako mbele ya muuzaji. Mashine iliyofungiwa itakataa hapo hapo. Tikisa kidogo waya wa HDMI ikiwa imewaka, picha isipotee. Angalia skrubu: zikiwa na mikwaruzo, imeshafunguliwa, na ndani kuna metali ya majimaji kati ya prosesa na kipoza joto. Inapitisha umeme. Fundi akiipaka ovyo ikadondoka ubaoni, mashine itacheza wiki mbili kisha izime kabisa. Mwisho iache icheze mechi nzima mbili, usikilize feni. Waya wa umeme usikusumbue, ni ule wa redio wenye umbo la 8, unapatikana kila duka.