Gumzo la familia: mkate wa Jumamosi

Shangazi Zuhura, Alhamisi, saa 1:10 usiku
Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba tukubaliane usiku huu kuhusu mkate wa Kiitaliano wa Jumamosi, kwa sababu ciabatta haianzi siku ya kuliwa. Huanza usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa kianzio ambacho Waitaliano hukiita biga. Unga gramu 500, maji gramu 250 na hamira gramu 2 tu vitachanganywa hadi unga wote ulowane, kisha vifunikwe kwa saa 12 hadi 16 mahali penye ubaridi kidogo. Ninahitaji mtu wa biga, mtu wa nyanya na mtu mwenye oveni inayofika nyuzi 230.

Shangazi Zuhura, saa 2:35 usiku
Ninaona watu 11 wamesoma na hakuna aliyejibu.

Idrisa, saa 2:41 usiku
Shangazi, nimeambiwa kwamba ciabatta maana yake ni ndara. Mimi nitaleta mbili, ya kushoto na ya kulia.

Shangazi Zuhura, saa 2:43 usiku
Ni kweli, umeitwa hivyo kwa umbo lake, na wala si mkate wa kale, kwani Arnaldo Cavallari aliubuni mwaka 1982 huko Adria, katika mkoa wa Veneto. Sasa umekwisha kucheka, niambie utafanya kazi gani.

Mwanaidi, saa 3:20 usiku
Biga nitaichanganya mimi, lakini kwa mizani. Siku ya pili tunaongeza unga gramu 500, maji gramu 500 na chumvi gramu 20, na kinyunya hicho hunata vidoleni kiasi kwamba mtu aliyepima kwa kikombe huingiwa na hofu akaongeza unga, nao ndio unaouua mkate. Mizani ya familia iko kwa nani?

Salma, saa 3:22 usiku
Mizani niliirudisha, na aliyeipokea mlangoni siku ile ya mvua anajijua.

Idrisa, saa 3:23 usiku
Mimi siku ile nilipokea bakuli.

Salma, saa 3:25 usiku
Sijataja jina la mtu. Ila nimechoka kubebeshwa kila kitu katika familia hii, kuanzia ule mkate wa mwaka jana.

Shangazi Zuhura, saa 3:26 usiku
Hayo tuyaache, tafadhali. Nyanya?

Baba Mdogo Hamadi, Ijumaa, saa 12:50 asubuhi
Samahani, nilikuwa nimelala. Nyanya nitaleta mimi, zilizoiva hadi zinabonyea kidogo karibu na kikonyo, na asithubutu mtu kuziweka kwenye friji, kwa maana baridi huzipokonya harufu. Tuzikate vipande vidogo, tuzitie chumvi, tuziache kwenye chujio dakika 15 zitoe maji, ndipo tuongeze mafuta ya zeituni na majani ya mrehani yaliyochanwa kwa mkono. Kitunguu saumu kisikatwekatwe. Kinasuguliwa kikavu juu ya kipande cha mkate kilichochomwa, ambacho ukavu wake hukikwangua kama mbuzi ya nazi. Nyanya ziwekwe mezani, wakati watu wamekwisha kaa.

Idrisa, saa 1:05 asubuhi
Kwa hiyo tutakula brusheta.

Baba Mdogo Hamadi, saa 1:07 asubuhi
Husomwa brusketa. Neno lenyewe linatokana na kuchoma juu ya makaa, kwa hiyo asiyechoma mkate asiseme amekula bruschetta.

Bibi, saa 3:15 asubuhi
Wanangu na wajukuu zangu, nimesomewa yote mliyoandika tangu jana. Ule mkate wa mwaka jana ulioshikamana katikati kama ugali, aliyeukata ungali moto ni mimi, kwa uchu wangu, mlipokuwa uani. Salma aliniona, naye akanyamaza mwaka mzima mkimlaumu kwamba hakuuivisha. Safari hii mkate utapoa saa nzima, na kisu nitakikalia mimi.

Shangazi Zuhura, saa 4:02 asubuhi
Tumekusikia, Mama. Salma, mwanangu, nitakupigia simu.

Salma, saa 4:40 asubuhi
Ahsante, Bibi.

Shangazi Zuhura, saa 8:15 mchana
Bado oveni haijapatikana, na biga inapaswa kuchanganywa leo kabla ya saa 3 usiku.

Mwanaidi, saa 11:30 jioni
Nami bado sina mizani.

Idrisa, saa 1:48 usiku
Shangazi, ile bakuli niliyopokea siku ya mvua ilikuwa na mfuko ndani yake, na ndani ya mfuko mna mizani. Samahani, Salma. Hata hivyo haiwaki.

Shangazi Zuhura, saa 1:49 usiku
Inatumia betri za aina gani?

Shangazi Zuhura, saa 2:30 usiku
Idrisa?